Muziki Katika Kambi ya Mateka

Askari aijuaye bendi ya kikosi chake ajua kwamba muziki humtia mtu moyo. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za Olivier Messiaen, mtungaji wa muziki wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1908.

Mwezi Juni 1940, akiwa msaidizi wa uganga jeshini, Messiaen alitekwa na Wajerumani, akapelekwa kambi ya Stalag VIII-A, mjini Görlitz. Humo njaa na baridi vilikuwa vikali. Miongoni mwa mateka wenzake walikuwamo Jean Le Boulaire, mpiga fidla. Henri Akoka, mpiga klarineti. Na Étienne Pasquier, mpiga fidla kubwa iitwayo selo.

Mlinzi mmoja Mjerumani, Karl-Albert Brüll, alimpatia Messiaen karatasi na penseli. Ndipo alipotunga muziki wa sehemu nane kwa wapigaji wanne, akauita wa Mwisho wa Nyakati. Jioni ya tarehe 15 Januari 1941 waliupiga mbele ya mateka na maofisa wa Kijerumani, Messiaen mwenyewe akipiga piano mbovu ambayo vibonye vyake vilikuwa vikikwama.

Messiaen aliachiliwa mwaka huo huo, akafariki mwaka 1992. Muziki ule ungali ukipigwa duniani.

Wahenga walisema, mfungwa hachagui gereza. Nasi twaongeza: lakini mlinzi aweza kuchagua namna ya kumlinda. Brüll hakuacha lindo lake, wala hakusahau kwamba aliyemlinda alikuwa mtu.