Chipu inayolala

Umeme wa Lubumbashi una historia ndefu. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kuzalisha mwaka 1930, Nseke kwenye Lualaba likafuata mwaka 1956, na mwaka 1982 ikawashwa laini ya takriban kilomita 1,700 inayoleta umeme wa mabwawa ya Inga hadi Kolwezi. Migodi inaula kwa pupa. Wakaaji wa mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi wanabaki na delestaje, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, na ndiyo maana taa ya sola imekuwa bidhaa ya kawaida nchini Kongo. Kampuni ya Altech, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Wakongomani wawili waliowahi kuishi ukimbizini Tanzania, ilijijenga kwa kuuza taa za aina hiyo.

Ukiifungua taa ya sola inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu, utakuta paneli, betri na balbu zinasimamiwa na maikrokontrola: kompyuta nzima ndani ya chipu moja, yenye kichakataji, kumbukumbu na vihesabio vyake. (Betri zenyewe mara nyingi ni za lithiamu na fosfati ya chuma, zisizo na kobalti hata chembe. Katanga, eneo lenye Lubumbashi, inachimba kobalti kwa ajili ya dunia, ila taa yake haiihitaji.) Chipu ndogo kama ATtiny85 ina miguu minane, kilobaiti 8 za programu na baiti 512 za kumbukumbu ya kazi. Picha moja ya simu isingeenea humo. Lakini kwa kuhesabu siku zilizolipwa na kulinda betri isikauke, inatosha na kubaki.

Chipu hizi hubana umeme hasa kwa kulala. ATmega328P, ambayo mafundi wengi huijua kupitia bodi ya Arduino Uno, ikifanya kazi kwa megahezi 1 na volti 1.8 hutumia takriban miliampea 0.2. Ikilala usingizi mzito hutumia maikroampea 0.1, yaani mara 2,000 pungufu. MSP430 ya Texas Instruments huamka kutoka usingizi wa kawaida kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo inaweza kusinzia hata katikati ya shughuli. Katika usingizi huo kinachobaki macho ni saa ndogo ya kristali inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Tarakimu hiyo haikuokotwa tu: ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata moja, na kugawa kwa mbili ndiyo kazi nyepesi kuliko zote kwa saketi ya kidijitali.

Volti nayo ina neno lake. Umeme unaopotea kila chipu inapobadili hali huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti, hivyo kushuka kutoka volti 5 hadi 2.5 hupunguza matumizi hayo mpaka robo.

Tarakimu za kiwandani zinavutia, ila zinahesabu chipu peke yake. Tuchukue kazi ya kawaida mjini: kujua kama tangi la maji limejaa, kwa swichi ya kuelea inayosomwa kila baada ya dakika 10. Betri ni za AA, zenye miliampea-saa 2,000. Mwanafunzi akitumia bodi nzima ya Arduino Uno na kuiacha ikeshe, inakula takriban miliampea 45, na betri zinakwisha kabla ya siku mbili. Akiamua kutoa chipu, akailaza vizuri, lakini akailisha kupitia kipande cha 7805 cha kushusha volti, tatizo linabaki. Kipande hicho hunywa karibu miliampea 5 hata kama hakuna kinacholishwa. Betri zitafika siku 17 hivi. Chipu imelala fofofo, jirani yake anakesha.

Sasa akiondoa 7805 na kuilisha chipu moja kwa moja kwa betri mbili, volti 3, hesabu inageuka. Saa ya ulinzi inayoiamsha chipu inahitaji takriban maikroampea 4, na kazi yenyewe, sehemu ya kumi ya sekunde kwa miliampea 5, inaongeza chini ya moja kwa wastani. Kwa kalamu na karatasi hiyo ni zaidi ya miaka 40. Betri itazeeka yenyewe mapema zaidi.

Bado kuna mtego. Mguu unaosoma swichi hushikiliwa juu na rezista ya ndani ya kiloomu 20 hadi 50. Tangi likijaa swichi inafunga, na karibu maikroampea 100 zinapita mchana na usiku bila kazi yoyote. Miaka 40 inakuwa miwili na kidogo. Dawa ni mistari miwili ya programu: washa rezista wakati wa kusoma, izime kabla ya kulala. Mistari hiyo ndiyo husahaulika kuliko yote.

Kwenye taa ya kulipia kuna hatari nyingine. Betri ikifa taratibu, volti haikatiki ghafla, inateremka. Katika mteremko huo chipu inaweza kusoma amri vibaya na kuandika upuuzi kwenye kumbukumbu ya kudumu, pale zilipohifadhiwa siku za mteja. Kwa hiyo ATmega328P ina mlinzi wa volti anayeweza kuwekwa kwenye volti 1.8, 2.7 au 4.3; ikishuka chini ya hapo, chipu inasimamishwa. Mlinzi naye anakula, takriban maikroampea 20, hivyo programu humzima wakati wa usingizi, naye hurudi mwenyewe kila chipu inapoamka.

Na kumbukumbu hiyo ya kudumu ina umri: mtengenezaji anaahidi kuandikwa mara 100,000 kwa kila nafasi. Fundi anayehifadhi salio la mteja kila dakika, mahali palepale, ataimaliza ahadi hiyo kwa siku 69. Akihifadhi kila saa, itadumu miaka 11 na ushee, na taa ikizimika ghafla kosa la hesabu halitazidi saa moja ya mwanga.