Maharage Kumi Kila Siku

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Leo nawapa hadithi ya mtambo unaozungumza.

Mtambo huu umefukiwa nyuma ya nyumba, pembeni mwa kibanja, huku kwetu Karagwe. Juu ya ardhi unaona kuba dogo la saruji na bomba jembamba linaloelekea jikoni. Upande mmoja pana beseni la kulishia. Upande wa pili pana shimo la kutokea tope. Ukipita mbiombio utadhani ni kisima kilichofunikwa. Si kisima. Ni mtambo wa biogesi, na humo ndani kazi hailali.

"Mimi nalishwa samadi debe moja na maji debe moja," unasema mtambo. "Siku nyingine naongezewa mashina ya migomba yaliyokatwakatwa. Nami nawapa moto wa kupikia."

"Mjomba, kwani mtambo una meno?"

Swali zuri hilo, mwanangu. Hauna meno. Una vijidudu visivyoonekana kwa macho, jamaa wa wale wanaoishi tumboni mwa ng'ombe. Ndiyo maana mtambo mpya huanzishwa kwa samadi mbichi. Samadi ni chakula, na samadi ni mbegu.

Sasa sikilizeni. Hapa Karagwe lipo shirika la wakulima liitwalo MAVUNO. Watu wake waliona jambo ambalo sote tunaliona kila siku. Familia nyingi hazina ng'ombe wa kutosha. Lakini nani huku, tangu Kayanga hadi Nkwenda kule Kyerwa, hana mgomba? Kila mkungu unapokatwa, shina hubaki. Basi MAVUNO wakashirikiana na Wahandisi Wasio na Mipaka wa Ujerumani, wakaanza kutengeneza mtambo unaoweza kula mashina ya migomba.

"Mjomba, tuulishe mashina mangapi?"

Umeuliza swali la wahandisi! Shina la mgomba karibu lote ni maji, na kilichobaki ni nyuzi ngumu. Ukilisha kidogo, moto unakuwa hafifu. Ukilisha kupita kiasi, mtambo unaugua. Na kuna jambo linaloleta tabu zaidi: mtambo haujibu siku hiyo hiyo. Chakula hukaa ndani siku 40, wakati mwingine 60. Unakosea leo, unajua wiki ijayo. Utajuaje mapema?

Utahesabu. Leteni maharage, tuhesabu hapa hapa chini.

Kila harage ni kipande cha chakula cha mtambo. Kila siku tutatia maharage 10. Vijidudu navyo, tuseme, kila siku vinakula sehemu moja ya kumi ya chakula vinachokikuta. Sheria yetu ni moja tu, nayo tutairudia mpaka muijue kwa moyo: kilichokuwamo, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka.

Siku ya kwanza. Mtambo mtupu. Tia 10. Vijidudu vinakula 1. Yanabaki 9.

Siku ya pili. Kilichokuwamo ni 9. Jumlisha kilichoingia, yanakuwa 19. Sehemu ya kumi yake ni kama 2. Toa 2. Yanabaki 17.

Siku ya tatu. Yalikuwamo 17, tia 10, yanakuwa 27. Vinakula 3. Yanabaki 24.

Endelea wewe, mwanangu. Vizuri! Siku ya nne vinakula 3, ya tano 4, ya sita 5, ya saba 5. Tazameni fungu letu sasa. Lina maharage 47.

Mmeona? Tulitia maharage 10 siku ya kwanza na 10 siku ya saba. Ulishaji haukubadilika. Lakini kilicholiwa kilipanda kutoka 1 mpaka 5. Na kilicholiwa ndicho kinachotoa gesi. Kwa hiyo mama mwenye mtambo mpya asikate tamaa kwa kuona moto mdogo wiki ya kwanza. Mtambo wake haujaharibika. Fungu lake bado linajaa.

"Mjomba, litajaa mpaka lini? Litafika darini?"

Hapana, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pengine pote. Baada ya wiki tatu hivi fungu hufika karibu 90. Vijidudu vinakula 9, wewe unatia 10. Linapanda polepole, halafu polepole zaidi. Likifika 100 vinakula 10, yanabaki 90. Unatia 10, yanarudi 100. Fungu limetulia. Ndani kazi inaendelea, chakula kinaingia na gesi inatoka, lakini hesabu imesimama pale pale. Wahandisi huiita hali tulivu. Hesabu nyingi za viwandani huangalia hali hiyo tu. Sisi leo tunaangalia njia nzima ya kuifikia, siku kwa siku, na jinsi mambo yanavyovurugika mtu akiigusa. Kazi hiyo huitwa uigaji wa mchakato. Unauiga mtambo kwa hesabu, na saa ya hesabu inakwenda kwa kasi kuliko saa ya ukutani.

"Kwa hiyo maharage haya ni mtambo?"

Ni mtambo wa kuigiza, mwanangu. Haupiki ugali. Lakini unaweza kukuambia ya wiki ijayo.

Hesabu ya kwenda hatua kwa hatua namna hii ni ya zamani. Leonhard Euler, mwanahesabu aliyezaliwa Basel, Uswisi, aliieleza katika kitabu chake cha 1768. Leo kompyuta huifanya mara maelfu kabla hujamaliza kupepesa jicho, lakini sheria ni ile ile mliyoishika mikononi: kilichokuwamo, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka.

"Mjomba, siku kwa siku inachosha. Kwa nini tusiruke wiki nzima mara moja?"

Haya, turuke tuone. Wiki moja ni maharage 70. Tuyamwage yote. Kila siku moja ya kumi, kwa siku 7, ni sehemu saba za kumi. Vijidudu vimekula 49! Lakini tulipokwenda siku kwa siku vilikula mangapi? Hesabuni: 1, 2, 3, 3, 4, 5, 5. Ni 23. Mruko mmoja umetudanganya zaidi ya mara mbili. Kwa nini? Kwa sababu tumejifanya maharage yote 70 yalikuwamo tangu Jumatatu asubuhi. Mtu anayeiga mchakato huchagua hatua fupi pale mambo yanapobadilika haraka, na hatua ndefu pale yanapotulia. Huo ni ustadi, na mtu hujifunza.

Sasa tuuache mtambo uzungumze tena, maana una siri ambayo haujamwambia mtu.

"Mmesema vijidudu, vijidudu," unasema mtambo. "Mnadhani wote ni wa aina moja. Ndani yangu wamo wavunjaji. Hao hula wanga, sukari na nyuzi, wakatoa asidi, hata ile iliyomo kwenye siki. Kisha wamo watengeneza methani. Hao hula ile asidi, wakatoa methani, gesi inayowaka jikoni. Wavunjaji huzaliana kwa saa chache. Watengeneza methani huhitaji siku kadhaa. Wa kwanza ni wepesi, wa pili ni wazito, na wote wananitegemea."

Kumbe hatuna fungu moja. Tuna mafungu matatu chini hapa: la chakula, la asidi, la gesi. Na vijidudu wenyewe nao wana mafungu yao, maana huzaliwa na kufa. Kwa kila fungu, sheria ni ile ile. Kinachotoka fungu la chakula kinaingia fungu la asidi. Kinachotoka fungu la asidi kinaingia fungu la gesi.

Basi tuseme ni msimu wa ndizi nyingi. Mbivu zimezidi, maganda yamejaa, na mtu anasema: mtambo unapenda ndizi, tuumwagie. Anamwaga mara tatu ya kawaida, siku nne mfululizo. Sukari ya ndizi mbivu huvunjwa upesi sana. Wavunjaji wanasherehekea. Asidi inapanda. Watengeneza methani wanakula wawezavyo, lakini hawajazaliana vya kutosha, asidi inawazidi. Asidi ikizidi, wao wenyewe wanadhoofika. Wakidhoofika, asidi inaliwa kidogo zaidi. Ikiliwa kidogo, inazidi tena.

"Mjomba, basi haina mwisho!"

Umeona mbali, mwanangu. Inajizungusha yenyewe. Wahandisi hupima uchachu huo kwa kipimo cha pH, ambacho hushuka asidi ikizidi. Watengeneza methani hupenda pH iwe karibu na 7. Ikishuka chini ya 6.5 wanaanza kuchoka. Na tazameni hila ya mambo: siku za mwanzo gesi huongezeka! Aliyemwaga ndizi anafurahi, anaona amefanya vizuri. Lakini sehemu kubwa ya gesi hiyo ni kaboni dioksidi, ambayo haiwaki. Siku chache baadaye moto unasinzia, na kutoka kwenye shimo la tope inakuja harufu kali ya kuchacha.

Dawa yake ni kuacha kulisha na kuwapa wale wazito muda wa kuimaliza asidi. Lakini ni heri kuliona jambo kabla halijatokea. Katika mafungu yetu ya hesabu, fungu la asidi huanza kuvimba mapema, wakati moto jikoni bado unawaka vizuri. Mhandisi anaweza kuugonjwesha mtambo wa hesabu mara mia, kwa ndizi, kwa mashina, kwa samadi, akajua kipimo gani kinaudhuru. Mtambo halisi wa familia ungeugua mara moja tu, na watoto wangelala bila chai.

Kuna pia baridi. Wilaya zetu ziko juu, na usiku wa Karagwe mnaujua. Vijidudu hawa hufurahi zaidi kwenye joto la kama nyuzi 35 za Selsiasi, na udongo wetu hauna joto hilo. Tuseme baridi imewapunguza hamu, wanakula sehemu moja ya ishirini badala ya moja ya kumi. Hebu hesabuni. Ili wale maharage 10 kwa siku, fungu linapaswa kuwa na mangapi?

"200!"

Ndiyo! Mara mbili. Maana yake, kwa gesi ile ile, nyumba ya baridi inahitaji shimo kubwa zaidi. Harage halijachimba udongo wala kununua mfuko wa saruji, na tayari limetuonya kabla fundi hajaja.

"Mjomba, lakini umejuaje kwamba wanakula moja ya kumi?"

Ah, ningeumia kama usingeuliza hilo. Namba hiyo niliichagua mimi ili vidole vyenu viweze kuhesabu. Mhandisi haruhusiwi kuichagua hivyo. Anapima. Anachukua shina la mgomba, analikausha, analipima uzito, analitia kwenye chombo kilichofungwa na kuhesabu gesi siku baada ya siku. Jacques Monod wa Ufaransa, miaka ya 1940, alionyesha kwa vipimo jinsi bakteria wanavyoongeza kasi ya kuzaliana chakula kikiwa kingi, mpaka wanafika kikomo: mdomo mmoja haumezi zaidi ya unavyoweza. Mwaka 2002 wataalamu wa Jumuiya ya Kimataifa ya Maji walitoa mfano wa hesabu wa mitambo ya aina hii, uitwao ADM1. Una mafungu zaidi ya 20. Kompyuta ndiyo inayoyabeba.

Na sisi hatukutoa tope katika mchezo wetu. Mhandisi hulitoa, kwa sababu kila unapolisha upande huu, tope husukumwa upande ule, na huondoka na chakula kisichoisha kuliwa, hata na vijidudu. Ukilisha maji mengi mno, unawafukuza watengeneza methani kabla hawajazaliana.

Tope hilo nalo si taka. Hurudi kibanjani kama mbolea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, wakishirikiana na MAVUNO, waliwahi kuhesabu hapa Karagwe nini kinaingia na nini kinatoka kwenye jiko, choo na shamba: naitrojeni, fosforasi, kaboni. Hesabu yao ilikuwa ya mtiririko wa mwaka, haikuwa ya siku kwa siku kama yetu, lakini mngeisoma mngeitambua sheria mara moja.

Wale mnaotaka kuifanya kazi hii mkikua, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha uhandisi wa kemikali. Kiwanda cha sukari cha Kagera, kule Missenyi, nacho kina mafungu yake: juisi, mvuke, sukari.

"Mjomba, la mwisho. Tukienda kwa bibi wiki nzima, hakuna wa kulisha. Moto utazimika?"

Usiniulize mimi. Uulize maharage. Fungu limetulia, baada ya kula yamebaki 90. Kilichoingia ni sifuri. Siku ya kwanza vinakula 9, yanabaki 81. Siku ya pili vinakula 8, yanabaki 73. Siku ya tatu 7, yanabaki 66. Siku ya nne 7, yanabaki 59. Endelea wewe.

"Ya tano vinakula 6, yanabaki 53. Ya sita 5, yanabaki 48. Ya saba 5, yanabaki 43."

Mlipoondoka vilikuwa vinakula 10. Mkirudi vinakula 5. Gesi itakuwa imebaki nusu, nayo inatosha kuchemsha chai ya jioni mtakayofika. Kesho yake asubuhi, ulisheni kipimo chake cha kawaida, maharage 10, msiufidie wiki nzima kwa mkupuo.