Lori Lililochoka na Dhahabu ya Mama

Nyumba nyingi za mwambao wetu hulelewa na lori. Ada za shule, kodi ya nyumba, dawa za bibi na hata arusi za mabinti hutoka katika chombo kimoja kikuukuu kinachobeba mawe ya kuchonga kutoka matimboni, nazi za Kwale, au maembe ya Kilifi yanayoteremshwa Kongowea kabla ya alfajiri. Siku chombo hicho kinapokataa kuwaka, nyumba nzima hukosa usingizi, na hapo huulizwa swali ambalo wiki hii tumeona tulizungumze kwa mapana: tulitengeneze lori hili, au tuliuze tutafute jingine?

Twaliandika swali hili katika jarida la familia, wala si la mafundi, kwa sababu moja. Tumekaa katika vikao vingi vya jamaa ambapo wanaume walizungumza gereji, uamuzi ukakatwa hukohuko, kisha mama wa nyumba akaletewa hesabu iliyokwisha: avue bangili. Hakuambiwa injini ina ugonjwa gani, wala lori liliingiza nini mwaka uliopita. Na dhahabu ile ni mali yake, iwe ni mahari au tunu ya wazazi wake. Sheria yetu haimlazimishi mke kuitoa kwa matumizi ya nyumba, seuze kwa pistoni. Akiitoa kwa hiari ni ihsani kubwa, lakini hiari ya mtu asiyejua anachokikubali ina upungufu.

Basi na tuanze na ugonjwa wenyewe, maana hauhitaji elimu kubwa kuufahamu. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Huibana hewa ndani ya silinda mpaka ikapata joto la kuiwasha dizeli inaporushwa humo. Nguvu zake zote, kwa hivyo, zimo katika huo mbano. Ringi na laina zikilika, mbano hupungua, lori likawa gumu kuwaka asubuhi na zito kupanda mlima hata likiwa na nusu ya mzigo.

Moshi nao husema mengi. Ukiwa mweusi, dizeli imezidi hewa. Mara nyingi ni chujio la hewa lililoziba au nozeli zilizochoka, na hayo hayastahili kuuziwa dhahabu ya mtu. Ukiwa wa rangi ya buluu, oili inaungua pamoja na dizeli. Ukiwa mweupe na usikome hata injini ikishapata moto, na maji ya rejeta yakawa yapungua pasipo kuonekana yavujapo, basi huenda maji yanaingia katika silinda kwa gasketi iliyoungua au hedi iliyopasuka. Kisha kifunguliwe kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa yanguruma polepole. Mvuke mwingi ukisukumwa nje kwa mkupuo, dalili ni kuwa ringi hazizuii tena. Baada ya hapo fundi apime mbano wa kila silinda kwa geji na aziandike namba karatasini. Fundi asemaye “Sheikhe, mimi nikiisikiliza tu najua” tunamheshimu, ila hatumkabidhi fedha za watu kwa masikio yake.

Sasa tufike mahali ambapo wengi hawafiki. Injini, hata iwe mbovu namna gani, ni kitu kinachofunguliwa na kufungwa upya, au kubadilishwa kwa nyingine iliyotumika kutoka Japani, mradi namba mpya ya injini ipelekwe kuandikwa katika logibuku. Chesi sivyo. Chesi ndiyo uti wa mgongo, na upepo wetu wa bahari una chumvi iliayo chuma usiku na mchana. Lori lililobeba chumvi ya Gongoni au mchanga wa ufuoni huliwa maradufu. Ingieni chini na nyundo ndogo, mgongegonge chesi kwa urefu wake, hasa karibu na vishikizo vya springi za nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu na kubanduka magamba. Rangi mpya isiwahadae, kwani mara nyingine hupakwa kwa kusudi hilo. Kutia injini mpya juu ya chesi iliyooza, kwa maoni yetu, ni israfu.

Jambo jingine ni sababu. Tumeona injini zikifunguliwa, zikafungwa vizuri, kisha pampu ikafa baada ya miezi michache kwa sababu dereva alikuwa akinunua dizeli ya bei nafuu vichochoroni. Dizeli hulainisha pampu inapopita. Mafuta ya taa hayalainishi kama hiyo. Mchanganyiko huo ulikithiri nchini hata mwaka 2018 serikali ikatoza Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuvunja tamaa ya wachanganyaji. Kutengeneza bila ya kuondoa kilichoharibu ni kujiandalia gharama ya pili.

Ama hesabu, iandikwe. Tuchukue mfano: lori lililokuwa likienda kilomita 5 kwa lita sasa laenda 4. Safari ya Mombasa hadi Malindi na kurudi, kama kilomita 240, ilikuwa lita 48. Sasa ni 60. Kwa safari tatu kwa wiki, zimepotea lita 36, na kwa wiki 50 ni lita 1,800. Zidisheni kwa bei ya dizeli inayotangazwa kila mwezi, halafu ongezeni siku ambazo lori lililala gereji na mteja akaita jingine. Jumla hiyo ndiyo bei ya kutofanya lolote, nayo haiko katika risiti yoyote ya fundi.

Na jingine je? Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi miaka 8, kwa hiyo hilo “jipya” la bandarini huenda limeshafanya kazi miaka 7. Mikoa ya Japani yenye theluji humwaga chumvi barabarani, na baadhi ya malori hufika hapa na kutu yake tayari. Nyundo ile ile itumike. Aidha, malori ya miaka ya karibuni huongozwa na kompyuta na yana chujio la masizi katika ekzosi. Hayastahimili dizeli chafu kama yalivyostahimili ya zamani, na fundi wa mtaani hana mashine ya kuyasoma.

Fedha zikipungua, hakuna haja ya kukimbilia riba. Tangu mwaka 2008 tuna benki zinazofuata sharia, na katika murabaha benki hulinunua lori kisha ikakuuzia kwa bei na faida inayojulikana, kwa awamu. Hata hivyo deni ni deni. Mwezi ambao lori limelala, awamu hailali.

Mama akiamua kutoa dhahabu, iandikwe siku hiyo hiyo, na mashahidi wawepo: ni hiba, ni karadha, au ni hisa? Aliyekopesha gramu 40 za dhahabu hurudishiwa gramu 40, hata bei ikiwa imepanda. Aliyetia hisa hupata fungu la faida mlilokubaliana, na hasara huibeba kwa kadiri ya mtaji wake. “Tutaelewana baadaye, Mama” si mapatano.

Mwaka jana tuliitwa kusuluhisha nyumba moja. Kijana alitaka bangili sita za mamake kwa ajili ya injini. Mama alisema, “Mwanangu, nileteeni daftari kwanza.” Daftari halikuwepo. Ami yake akamwita fundi mwenye geji, silinda mbili zikaonekana chini mno, na nyundo ikazama katika chesi nyuma ya kibini. Lori likauzwa kwa bei ya chini, aibu zake zote zikiwa zimetajwa kwa mnunuzi, maana aibu iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha. Kijana hakufurahi. Sasa anaendesha lori la mtu mwingine kwa mshahara, na kila Ijumaa baada ya sala humpelekea mamake sehemu ya kuweka, naye huiandika.