Vidole Vinasema Nini Juu ya Kitambaa?



Vikundi vyetu vingi vina cherehani na hushona sare za shule. Pesa nyingi za kikundi huishia kwenye jora la kitambaa. Jora likiwa baya, hasara ni ya wote, na mzazi aliyeuza kuku ili anunue sare harudi tena. Dukani sote hufanya jambo moja: tunakipapasa kitambaa na kusema, "Hiki ni kizuri." Je, vidole vinajuaje? Na vinaweza kudanganywa?

Ndani ya ngozi ya ncha za vidole kuna miisho mingi ya mishipa ya fahamu. Mingine husikia kubonyezwa, mingine mtetemo, mingine joto na baridi. Habari zote hupelekwa kwenye ubongo, na huko ndiko jibu linakotoka: laini, kizito, kinakwaruza. Mwaka wa 2021 wanasayansi David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi mishipa hiyo inavyotambua joto, baridi na kuguswa.

Hebu jaribu. Weka kidole juu ya kitambaa bila kukisogeza. Hutajua mengi. Sasa kipitishe polepole. Nyuzi zinaitetemesha ngozi, na kwa mtetemo huo unatambua hata ukwaruzi mdogo sana. Ndiyo maana fundi hashiki tu, anapapasa.

Baridi nayo hutupoteza. Satini huigusa ngozi sehemu nyingi na kuchukua joto la kidole upesi, basi tunasikia baridi. Blanketi lina hewa kati ya manyoya yake, kwa hiyo tunasikia joto, ingawa vyote vimekaa rafu moja. Tena, ngozi haina mshipa wa kusikia maji. Ubongo hukisia tu kutokana na baridi na mguso. Ndiyo sababu nguo iliyokaa kwenye kamba jioni yaweza kuonekana mbichi, kumbe imekauka.

Udanganyifu mkubwa ni wanga. Kitambaa chepesi kikipakwa wanga huwa kigumu na kizito mkononi. Kikifuliwa mara ya kwanza, wanga unatoka na kinabaki kulegea. Vidole havikusema uongo. Vilisikia kilichopakwa juu.

Basi, kabla ya kununua jora:

1. Nawa mikono na uikaushe. Kama viganja vina sugu ya jembe, tumia mgongo wa mkono au shavu.

2. Wanachama wawili wapapase wakiwa wamefumba macho, kila mmoja peke yake, ili rangi na maneno ya mwenye duka yasiwavute.

3. Sugua kitambaa juu ya nguo nyeusi. Unga mweupe ukidondoka, kuna wanga.

4. Nunua nusu mita kwanza. Ipime, ifue kwa sabuni, ianike, uipime na kuipapasa tena. Je, imepungua? Imelegea?

5. Choma uzi mmoja nje, mbali na watoto, ukiushika kwa koleo. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Mkikutana wiki hii, leteni vipande vya nguo mpya na vilivyokwisha kufuliwa. Fumbeni macho, mpapase, kisha mjadiliane: nani alikosea, na kwa nini?