Mpeleke mtoto akamwone ng'ombe, lakini maziwa yachemshwe kwanza

Na Mwandishi Wetu, Nyagatare

WATOTO wengi wanaozaliwa Kigali siku hizi wanayajua maziwa kwa pakiti. Waulize yanatoka wapi, watakutajia jina la duka. Ukilisikia jibu hilo mara ya kwanza utacheka, lakini kwa familia zilizorudi nchini kuanzia mwaka 1994 zikiswaga ng'ombe kutoka Uganda, au zilizovuka daraja la Rusumo zikitokea Tanzania, halichekeshi. Babu aliyelala nje njiani akilinda ndama sasa ana mjukuu anayemkimbia ndama.

Ndiyo maana wazazi wengi huzitumia likizo za shule kuwapeleka watoto wao Kayonza, Kabarore na Nyagatare, waliko babu, shangazi na wajomba wenye mashamba ya mifugo. Makala haya yanazungumzia matembezi hayo, hasa kwa mwenye mtoto mdogo wa miaka miwili hadi sita: afanye nini akifika, apumzishwe wapi njiani, na hatari gani ambazo mzazi aliyezoea lami anaweza asizione.

Malisho yaliyopungua

Kwanza ni vizuri mzazi ajue anampeleka mtoto kuona nini. Eneo lililojulikana kama Mkoa wa Umutara hadi mwaka 2006 si lile walilolikuta waliorudi mwanzoni. Mbuga ya Akagera ilianzishwa mwaka 1934 ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 2,500. Mwaka 1997 zaidi ya nusu yake ilikatwa ili waliorejea wapate pa kuishi na pa kulishia mamia ya maelfu ya ng'ombe waliokuja nao. Ikabaki na kilomita za mraba zipatazo 1,100.

Hata hivyo, ardhi haiongezeki na watu wanaongezeka. Mwaka 2008 mashamba makubwa ya Mkoa wa Mashariki yaligawanywa, na ukomo wa mfugaji mmoja ukawa hekta 25. Aidha, katika mwaka 2006 na tena mwaka 2013, maelfu ya Wanyarwanda waliondolewa Tanzania. Wengi wao walikuwa wafugaji wa Karagwe na Ngara, lakini wapo waliofika mikono mitupu, mifugo yao ikiwa imebaki nyuma.

Kwa hiyo mtoto hatakuta kundi linalotembea kuanzia asubuhi hadi jioni bila kukutana na uzio. Atakuta shamba lenye mipaka, bwawa la maji, bomba la kupulizia dawa ya kupe na, mara nyingi, ng'ombe chotara wachache wanaotoa maziwa mengi kuliko kundi zima la ng'ombe wa asili wenye pembe ndefu. Pengine wale wenye pembe ndefu watakuwepo wawili watatu, ambao babu amekataa kuwauza.

Mzazi asisikitike kwa hilo. Maisha ya babu hayawezi kurudi kama yalivyokuwa, lakini ujuzi wa babu unaweza kupita kwa mjukuu, na huo ndio mtaji. Shamba dogo linahitaji jicho kali kuliko porini, kwa sababu ng'ombe mmoja akiugua kati ya watano, hasara yake inaonekana jikoni siku hiyo hiyo.

Alfajiri zizini

Mtoto akifika shambani asikae barazani kama mgeni rasmi. Kazi huanza kabla jua halijapanda, wakati wa kukama, na hapo ndipo penye somo. Mtoto wa miaka minne anaweza kushika kikombe cha chumvi ya kulambisha ng'ombe akiwa kando ya mtu mzima. Anaweza kupeleka majani kwa ndama waliofungiwa bandani. Anaweza kujifunza kutambua ng'ombe kwa rangi. Wa hudhurungi nyekundu huitwa Gaju, na mwenye wekundu uliokolea huitwa Bihogo. Majina hayo mawili yanaeleweka Nyagatare na yanaeleweka Mbarara, kwa hiyo mtoto ana cha kuzungumza na ndugu zake wa pande zote mbili za mpaka.

Afundishwe adabu pia. Mfugaji husalimiwa "Amashyo", yaani anatakiwa kupata makundi ya ng'ombe, naye hujibu "Amashongore", akitaja makundi ya majike. Mtoto akiitoa salamu hiyo kwa sauti yake ndogo, babu atasahau uchovu wa wiki nzima. Mgeni hamuulizi mfugaji ana ng'ombe wangapi. Ni sawa na kumuuliza mtu ana fedha kiasi gani benki. Ukitaka kujua, kaa jioni zizini uwatazame wakirudi.

Maziwa ni matamu, lakini

Hapa ndipo ugomvi kati ya mama wa mjini na bibi wa shambani unapoanza. Bibi atakama, atajaza kikombe kinachotoa povu, na atamwambia mjukuu anywe yangali na joto la ng'ombe. Atasema watoto wake wote walikunywa hivyo na hakuna aliyekufa.

Bibi aheshimiwe, lakini maziwa yachemshwe. Ugonjwa wa kutupa mimba, ambao waganga wa mifugo huuita brusela, hupita kwenye maziwa mabichi na kumwingia binadamu. Kifua kikuu cha ng'ombe hupita njia hiyo hiyo. Maziwa yakichemka mpaka yakapanda kwenye sufuria, vijidudu hivyo hufa na ladha haipotei kiasi cha kugombaniwa.

Mtindi nao uulizwe. Ikivuguto kilichogandishwa kutokana na maziwa yasiyochemshwa si salama kwa sababu tu kimechachuka, na moshi wa kufukizia kibuyu hauui brusela. Kuhusu mtoto ambaye hajatimiza miezi sita, hakuna mjadala: maziwa ya mama yanamtosha, hata tone la maziwa ya ng'ombe asipewe.

Dalili za brusela ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu na maumivu ya viungo. Zinafanana sana na za malaria. Ikiwa wiki chache baada ya kutoka shambani mtoto anapata homa na kipimo cha malaria hakioneshi kitu, mzazi amwambie mganga waziwazi kwamba mtoto alikuwa kwenye ng'ombe na huenda alikunywa maziwa mabichi. Maneno hayo machache yanaweza kuokoa majuma ya kutumia dawa zisizohusika.

Ng'ombe akizaa, mtoto atazame kwa mbali. Kondo la nyuma na maji ya uzazi hubeba ugonjwa huo huo, na ng'ombe aliyezaa jana hana rafiki. Nyama ya ng'ombe aliyekufa ghafla isiliwe, hata kama ni ya bure. Wakazi wa Mkoa wa Mashariki wanakumbuka mwaka 2022, homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mkoani humo. Ugonjwa huo huambukizwa na mbu, lakini pia humpata mtu anayegusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa.

Minyaa, mabwawa na pembe

Hatari nyingine ni za kawaida mno kiasi kwamba wenyeji hawazitaji. Uzio wa mashamba mengi ni wa minyaa, mti ambao Kinyarwanda huuita umuyenzi. Ukivunjika tawi hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na mtoto mdogo atadhani ni maziwa kweli. Utomvu huo ukiingia jichoni huwasha vibaya na unaweza kudhuru uwezo wa kuona. Ukitokea mkasa huo, jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi safi, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya bila kungoja kesho.

Bwawa la shambani ni hatari zaidi. Mabwawa mengi ya kuvuna maji ya mvua hutandikwa turubai la plastiki, na kingo zake huteleza. Mtu mzima akiingia hupata taabu kutoka, sembuse mtoto. Swali la kwanza la mzazi akishuka garini liwe hili: bwawa liko wapi, na je, lina uzio?

Dawa ya kupe ni sumu. Ng'ombe wanaopuliziwa dawa hiyo kila wiki wanakingwa na ndigana kali, ugonjwa unaoua ndama wengi, lakini chupa yake haifai kuwekwa chini wala kugeuzwa chombo cha maji. Siku ya kupulizia, mtoto akae upepo unakotokea, mbali na zizi. Jioni avuliwe nguo zote akaguliwe kupe nyuma ya masikio, kwapani na kwenye mapaja. Kupe humng'ata mtu pia na kumletea homa.

Mwisho ni pembe. Ng'ombe wa Ankole ni mpole, lakini hugeuza kichwa ghafla kufukuza nzi, na ncha ya pembe hupita palepale ulipo uso wa mtoto wa miaka minne. Asisimame mbele ya ng'ombe wala nyuma yake. Asimame ubavuni, mkono ukiwa umeshikwa.

Kwa wenye siku moja tu

Si kila mtu ana babu mwenye shamba. Familia yenye siku moja inaweza kuishia Ziwa Muhazi upande wa Rwamagana, ambako ziko hoteli za kando ya maji, samaki wa kuchoma na nafasi ya watoto kukimbia. Ni pahali pazuri pia pa kumpumzisha mtoto anayetapika garini kabla ya kuendelea Nyagatare.

Anayetaka wanyama pori aende Akagera kupitia Kabarondo. Mbuga hiyo inamfaa mtoto wa mfugaji kwa namna yake. Simba wa Akagera waliangamia baada ya wafugaji waliorejea kuwategea sumu ili kuokoa ng'ombe wao. Uzio wa kilomita 120 ulikamilika mwaka 2013, na mwaka 2015 wakaletwa simba saba kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2017 wakafuata faru weusi 18. Mtoto aelezwe kwamba uzio ule unawalinda wa pande zote mbili. Avae nguo za rangi hafifu, kwa kuwa mbung'o hupenda bluu iliyokolea na nyeusi, na asishuke garini isipokuwa pale panaporuhusiwa.

Kusini, huko Nyanza, yapo makumbusho ya kasri la mfalme ambako hutunzwa inyambo, ng'ombe wa kifalme wenye pembe kubwa, na walezi wao huwaimbia. Magharibi, malisho ya Gishwati na Bigogwe yana baridi, nyasi mbichi na jibini. Mtoto abebewe sweta. Walioko Uganda wanalo Ziwa Mburo karibu na Mbarara, hifadhi iliyozungukwa na ranchi za Ankole, ambako punda milia na ng'ombe huonekana katika safari moja.

Kwa wanaovuka mpaka

Wafanyabiashara wa Kagitumba na Rusumo mara nyingi huunganisha safari ya biashara na ya kusalimia ndugu, mtoto akiwa mgongoni. Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, usidhani kitambulisho cha mzazi kinamtosha na mtoto. Uliza ofisi ya uhamiaji mapema ni hati gani anayohitaji.

Pili, viatu. Ugonjwa wa miguu na midomo hauhitaji ng'ombe kuvuka ili nao uvuke. Husafiri kwenye tope la soli, kwenye matairi na kwenye kamba. Aliyelala kwenye boma la Missenyi asiingie zizi la Nyagatare kesho yake kabla ya kuosha viatu kwa dawa. Ugonjwa huo ukiingia, karantini hufunga minada, na anayeumia kwanza ni mchuuzi yule yule wa mpakani.

Linakuja pia suala la zawadi. Babu akimpenda mjukuu humpa ndama, na zawadi hiyo haikataliwi. Lakini ndama hapitishwi mpakani kwa kificho, wala hafikishwi wilaya nyingine bila kibali cha mganga wa mifugo. Njia iliyo bora ni kumwacha kwa babu, apewe jina na mtoto mwenyewe, na mzazi achangie dawa ya kupe na chumvi. Ndama jike wa chotara akitunzwa vizuri huzaa akiwa na miaka miwili na nusu hadi mitatu, wa asili huchelewa zaidi. Mtoto aliyepewa ndama akiwa na miaka mitatu, siku anapoanza shule ya msingi atakuwa na ng'ombe anayekamwa, na kila likizo atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kuomba apelekwe shambani.