Ujifunzaji kwa Uzoefu katika Kozi za Haki Jinai: Suala la Lugha Jijini Juba

Makala haya yanaeleza namna ujifunzaji kwa uzoefu unavyoweza kutumika katika kozi za haki jinai vyuoni, kwa kurejelea hali ya lugha jijini Juba. David Kolb (1984) anauona ujifunzaji huo kuwa mzunguko wa hatua nne: kutenda, kutafakari, kuunda dhana na kujaribu upya. Kwa hiyo, zoezi lisilofuatwa na tafakuri halijakamilika.

Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 inakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi na ya kufundishia. Hata hivyo, mtuhumiwa mara nyingi hujieleza kwa Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka au Kinuer. Kati ya kauli yake na jalada la polisi pana tafsiri ambayo mhadhara wa sheria pekee hauwezi kuifundisha.

Tuchukue kitenzi *katulu* cha Kiarabu cha Juba, chenye maana ya kuua. Kitenzi hiki chenyewe hakisemi iwapo aliyeua alikusudia. Mwandishi wa maelezo akikifasiri kwa neno la Kiingereza linalobeba maana ya kuua kwa kukusudia, ameongeza kusudi ambalo msemaji hakulitaja. Chini ya kifungu cha 206 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu ya mwaka 2008, kosa hilo huadhibiwa kwa kifo au kifungo cha maisha.

Zoezi linalopendekezwa ni kuigiza uchukuaji wa maelezo. Mwanafunzi mmoja awe mtuhumiwa, wa pili mkalimani, na wa tatu askari anayeandika kwa Kiingereza. Mahojiano yarekodiwe. Kisha maandishi yafasiriwe na kusomwa mbele ya “mtuhumiwa”, naye abainishe yasiyo yake. Darasa lilinganishe maandishi na rekodi, litambue palipopotoka, litunge kanuni, halafu lizijaribu kanuni hizo kwa kisa kingine. Visa viwe vya kubuni, ili siri na usalama wa watu walio katika kesi halisi visihatarishwe.

Inahitimishwa kuwa umahiri wa kusikiliza na kufasiri ni sehemu ya haki yenyewe. Mhitimu anayejua vifungu bila kujua namna kauli inavyobadilika njiani anaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ambayo hakuyasema.