Je, Wajua? Sabuni Kwanza, Moto Baadaye

Je, wajua kuwa kuchemsha chupa ya mtoto ambayo haijaoshwa ni kupoteza mkaa? Mabaki ya maziwa hujificha kwenye kona za chuchu na kwenye mizunguko ya shingo ya chupa, pale kifuniko kinapokazwa. Moto huyagandisha hapohapo, na vijidudu vinapata pa kujikinga. Geuza chuchu nje-ndani, pitisha kidole. Ikiteleza, bado ni chafu. Ijaze maji uibane, yatoke kwenye kitundu chake.

Je, wajua chuchu huweza kuelea? Ndiyo maana kwenye sufuria inayochemka sehemu yake huweza kubaki nje ya maji. Igandamize kwa kisahani. Muda wa kuchemsha huanza kuhesabiwa maji yakishatokota: Marekani wanashauri dakika 5, Uingereza angalau 10. Mimi nachagua 10. Na mama wa Nairobi asihofu kuwa maji yake hutokota kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko. Joto hilo linatosha.

Je, wajua kuwa maziwa ya unga ya kopo hayajatakaswa kikamilifu? Kopo jipya, lililofungwa vizuri, laweza kuwa na bakteria aitwaye Cronobacter sakazakii, ambaye hustahimili ukavu wa unga kwa muda mrefu. Huwapata watoto wachache, lakini akimwingia kichanga humletea homa ya uti wa mgongo au maambukizi ya damu, na wengine hufa. Kwa sababu hiyo, mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na FAO walitoa mwongozo: unga ukorogwe kwa maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70, kisha chupa ipozwe upesi kwenye beseni la maji baridi, na tone lijaribiwe kwenye kifundo cha mkono kabla mtoto hajanyonya. Maji vuguvugu, ambayo wengi bado wanayatumia kwa nia njema kabisa, hayamuui bakteria huyo. Yanamkaribisha.

Je, wajua hata maziwa ya mama yaliyokamuliwa yaweza kuchafuliwa na pampu? Mwaka 2016, huko Pennsylvania, mtoto njiti aliugua kwa bakteria huyohuyo. Wachunguzi walimkuta bakteria huyo kwenye pampu, kwenye maziwa yaliyokamuliwa na kwenye tundu la sinki la nyumbani. Vifaa vilikuwa vikilowekwa saa kadhaa kwenye maji ya sabuni, vikasuuzwa bila kusuguliwa. Kuloweka si kuosha. Chombo cha mtoto kiwe na beseni lake na brashi yake, mbali na sufuria za mboga.

Kitambaa cha vyombo nacho ni adui. Chupa ikitoka kwenye maji ya moto, iache ijikaushe yenyewe juu ya kitu safi.

Je, wajua dawa ya klorini ya vyombo vya watoto hushindwa na kiputo kimoja cha hewa? Pale hewa ilipobaki ndani ya chupa, dawa haikugusa. Inamisha chupa mpaka ijae, acha dakika 30 au kama kibandiko kinavyosema, na ubadilishe dawa kila baada ya saa 24. Jiki yenye manukato haifai.

Je, wajua kuwa vyombo vya kunyweshea watoto vina umri wa maelfu ya miaka? Vibuyu vidogo vya udongo vyenye mdomo, vilivyozikwa pamoja na watoto huko Bavaria, Ujerumani, vilikutwa na mabaki ya maziwa ya wanyama. Utafiti huo ulitoka mwaka 2019. Baadaye Ulaya ikapata chupa zenye mrija mrefu wa mpira, zisizosafishika kabisa kwa ndani, na watoto wengi wakafa. Ufaransa ilizipiga marufuku mwaka 1910.

Je, wajua kuwa kikombe kidogo cha wazi ni salama kuliko chupa? Hakina kona. Kinaoshwa kwa sabuni na maji, jicho linaona kila sehemu, na hata kichanga aweza kunywa akiwa amepakatwa wima, kikombe kikigusa mdomo wa chini bila kumiminiwa. Wauguzi wa wodi za njiti wanakitumia kila siku, na natamani kila mama aruhusiwe kutoka hospitali akiwa ameonyeshwa jinsi ya kukishika. Chupa hata uuzaji wake unadhibitiwa: kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 ya kudhibiti uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama inagusa chupa na chuchu pia, na Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012.

Je, wajua masazo hayawekwi? Mate ya mtoto yameshaingia kwenye maziwa, na kwenye joto la Dar es Salaam bakteria huzaana haraka mno. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa yakapita saa 2 nje ya friji, yamwage, hata kama kopo ni ghali.